Mgongo wa Mpinzani

Kinyozi alianguka kabla hajaguswa.

Fundi bomba ndiyo kwanza alikuwa ananyoosha mkono amkamate ukosi wa sare, na tayari mwenzake alikuwa chali katikati ya mkeka, macho kwenye dari. Refa aliinama, akamtazama kama mtu anayemtazama mlevi mlangoni pake.

"Hukuguswa," alisema. "Hakuna pointi. Inuka."

Fundi bomba alikuwa ameshapiga goti kando yake, amemshika kiuno. "Mgongo vipi, kaka?" alinong'ona.

Kinyozi alitaka kulia. Mtu mwenyewe mgongo umekwisha, na bado anaulizia mgongo wa mwenzake.

Siri hiyo aliipata jana mchana. Mama mmoja mnene, mwenye mwanya, aliingia saluni kwake, akasubiri wateja waishe, kisha akaketi kwenye kiti cha kunyolea na kuanza kulia mbele ya kioo.

"Baba, kesho unapigana na mwanangu, yule fundi bomba," alisema. "Mgongo wake una ufa. Daktari kamwambia akibwagwa vibaya mara moja tu, hatatembea tena. Nimesema mpaka nimechoka. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Basi tumwambie mwalimu, mama, aahirishe."

"Usimwambie mtu. Wala yeye mwenyewe. Akijua nimekuja kwako, aibu itamuua kabla ya huo mgongo. Wewe usimbwage tu, baba. Anguka wewe."

Atakayeshinda fainali ndiye angekuwa mwalimu msaidizi wa klabu ya judo, cheo alichokiota kinyozi tangu alipofunga mkanda mweupe. Mama yake mzazi alishawatangazia majirani kama vile amekwisha kukipata.

Lakini yeye alikuwa mwanafunzi wa mwalimu wa klabu hiyo. Ukutani mwa ukumbi paliandikwa kwa rangi nyekundu: NGUVU BILA HURUMA NI UKATILI. Mwalimu alihubiri huruma kila jioni, kwa sauti ya kutikisa madirisha, na aliyechelewa somo la huruma alipigishwa pushapu mpaka atapike. Kinyozi hakuwahi kuchelewa.

"Nimekuelewa, mama," alisema, akampa taulo safi ajifute. Alipofunga saluni jioni alijiona amerefuka kidogo.

Sasa walikuwa wamesimama tena uso kwa uso. Kinyozi akajirusha chini mara ya pili, safari hii kwa ukelele wa kushawishi. Fundi bomba akamdaka hewani na kumsimamisha kama mtu anayerudisha chombo cha udongo kabatini. Kisha, bila sababu yoyote iliyoonekana, fundi bomba naye akateleza. Kinyozi akamrukia, akamkumbatia asije akagonga mkeka.

Wakabaki hivyo, wameshikana, kila mmoja akijitahidi kuzama chini ya mwenzake, kama wageni wawili wanaobishana mlangoni: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe.

Watu wakaanza kucheka. Mmoja aliuliza kwa sauti kama ngoma imezimika, mbona hawa bado wanacheza. Refa akaonya. Akaonya tena. Kwenye viti vya mbele mwalimu alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mbwage mwenzako," alinguruma.

"Mwalimu, huruma..." kinyozi alianza.

"Huruma ni ya jioni. Leo ni fainali."

Refa akawatoa wote wawili. Kanuni za klabu zilikuwa wazi: asiyetaka kupigana hawezi kushinda.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, kinyozi alifungua mkanda wake taratibu. Cheo kimekwenda, na huko nje mama yake alikuwa ameketi na mashoga aliowaalika waje kuona. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa mweupe. Kando yake fundi bomba aliinama bila taabu yoyote na kufunga kamba za viatu.

"Nisamehe, kaka," kinyozi alisema. "Nilitaka ushinde wewe. Mama yako alikuja kwangu jana."

Fundi bomba aliachia kamba. "Mama yangu?"

"Alinieleza habari za mgongo wako."

"Mama yangu alifariki sijaanza hata shule," fundi bomba alisema polepole. "Mama yako ndiye aliyekuja kwangu. Nilikuwa chini ya sinki la watu. Alilia mpaka nikasahau kufunga koki, jiko la wenyewe likajaa maji. Akasema wewe ndiye mwenye ufa kwenye mgongo."

"Mama yangu? Asubuhi kaniambia nisiporudi na kombe nikalale saluni."

Wakatazamana.

"Huyo wako," fundi bomba aliuliza, "alikuwa na mwanya?"

Nje, sauti ya mwalimu ilikuwa imerudia huruma yake ya jioni. Ilitangaza kwamba, kwa mujibu wa kanuni, kombe na cheo vinakwenda kwa mshindi wa tatu, fundi seremala, kijana mtulivu ambaye kinyozi alikuwa amembwaga asubuhi kabla hajamaliza kuinama kusalimia. Kikafuata kigelegele kimoja kirefu.

Walikimbilia mlangoni. Katikati ya mkeka, yule mama mnene alikuwa amemning'inia seremala shingoni, akicheka mpaka mwanya wote ukaonekana.

"Si nilikwambia, mwanangu," alikuwa akisema, "kwamba nitakuombea?"