Nafasi ya Kidole

Mwanafunzi Sikudhani hakuwa na kompyuta, hakuwa na rula nzima, wala hakuwa na mtu wa kumsemea pale chuoni. Alichokuwa nacho ni ukurasa mmoja wa jarida la mji, alioupanga kwa mkono uwe kazi yake ya mtihani.

Mwalimu Kihenge aliuinua, akacheka. "Binti, mistari imeachana hivi, unapanda mihogo? Ibane."

"Sibani, mwalimu."

"Basi siupeleki kwa mhariri wa jarida. Na alama hupati."

Wenzake wakainamia meza zao. Sikudhani akatoa mfukoni kipande cha kadi alichokifanya kipimo. Upana wake ulikuwa upana wa kidole cha mama yake, aliyejifunza kusoma ukubwani, na ambaye mpaka leo hupitisha kidole chini ya kila mstari asipotee.

"Nikiibana, kidole cha mama kitafunika mstari unaofuata," alisema. "Na wasomaji kama yeye wamejaa mji huu."

"Mhariri atakucheka."

"Basi anicheke kwa kinywa chake, mwalimu, si kwa chako."

Akaketi palepale, akamwandikia mhariri barua fupi, mistari yake ikiachana upana uleule. Akaikunja pamoja na ukurasa wenyewe, maana nakala hakuwa nayo, akatia na kile kipande cha kadi. Akalamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba, akavuka barabara na kuitumbukiza katika sanduku la posta. Mwalimu alikuwa dirishani. Kifuniko cha sanduku kikabaki kinachezacheza.