Mchumba Asiyetaka Picha

Tak, tak, tak. Bibi Kamakshi alikuwa akigonga kichujio cha kahawa kwa kijiko, na nje bado giza. Maithili alizinduka, akanyoosha mkono mezani kutafuta kompyuta yake. Haikuwapo.

"Iko kwenye pipa la mchele," Bibi alisema kutoka jikoni. "Mama yako kaificha. Hataki wageni waione."

Bibi aliitoa mwenyewe, akaipangusa kwa ncha ya sari yake, akaiweka mbele ya mjukuu wake pamoja na kikombe cha kahawa. "Maliza kazi yako kabla hajaamka. Mimi sijaona kitu."

Wageni walikuwa wanakuja kumtazama Maithili kwa ajili ya posa. Kijana mwenyewe, Prasanna, alikuwa mwanasheria Marekani, na habari hiyo ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima wa Mylapore. Maithili naye alikuwa mwanasheria, ila wa aina ile inayowakasirisha wenzake wa huko. Kampuni yake hapa Chennai ilisoma mikataba ya makampuni ya Marekani, kwa bei ya chini ambayo wanasheria wa Marekani hawakuiweza. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka kwa mawakili wakubwa wa Mahakama Kuu, kila mmoja akimpa mafaili ya kubeba na ahadi mahali pa mshahara. Kazi hii hakuwa tayari kuiacha kwa ajili ya mtu yeyote. Baba yake alilijua hilo, na bado alikuwa amesema, "Tuwasikilize kwanza."

Walifika alasiri, Prasanna na mama yake. Mama Prasanna aliketi, akaikagua sebule kama mtu anayechagua nguo za mtumba.

"Nikwambie ukweli, binti," alianza. "Wasichana wengi tumeletewa, wote akawakataa. Ilipofika zamu yako, hata picha hakutaka kuiona. Alisoma tu unafanya kazi wapi, akasema twende. Mimi najua kwa nini. Alitaka awaone kwa macho yake watu wanaowaharibia kazi wenzake huko."

"Mama," Prasanna alisema.

"Nasema uongo? Si wewe uliyeniambia vijana wanamaliza sheria huko wanaishia kuuza kahawa?"

"Kuuza kahawa ni kazi njema, mama," Bibi Kamakshi alisema, akiingia na sinia la bajia za ndizi. "Hiyo unayokunywa nimeipika mimi."

Sinia lilikuwa zito. Prasanna aliinuka, akampokea. Maithili aliliona hilo na hakutaka kuliona.

"Na mahakamani huendi?" Mama Prasanna alimuuliza Maithili.

"Siendi. Tunasoma mikataba, tunaandika maoni, wanasheria wa kule wanatia saini."

"Ehee. Yaani koti wanashona wengine, wewe unabandika vifungo."

"Koti lisilo na vifungo hulivai, mama."

Prasanna aliweka kikombe chini. "Mpo wangapi ofisini?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa Maithili.

"Wengi."

"Mikataba ya bima za meli mnafanya?"

"Tunafanya."

"Msimamizi wa kitengo hicho ni nani?"

"Ni mimi. Unataka na anwani ya nyumbani? Umeshafika."

"Ulimi anao," Mama Prasanna alisema, akiitazama dari.

Baba aliingilia haraka. "Likizo yako inaisha lini, kijana wangu?"

"Ana likizo ndefu," mama mtu alijibu. "Wakubwa wake wanampenda mno. Tangu sikukuu ya Pongal yuko nami, hakuna aliyempigia simu kumsumbua."

Prasanna alikata bajia vipande vidogo vidogo, asile hata kimoja.

"Basi tuambiane wazi," mama yake aliendelea. "Akiolewa, hiyo kazi aiache. Siwezi kuishi na mkwe anayemlia mwanangu riziki."

Baba aliitazama mikono yake. "Hayo yanazungumzika," alisema.

Maithili alihisi shingo ikimwaka moto chini ya maua ya yasmini yaliyosukwa nyweleni. Alikuwa ameshafungua kinywa Prasanna alipoomba waruhusiwe kuzungumza kidogo, wao wawili tu, kama ilivyo kawaida. Walipandishwa juu ya paa. Bibi Kamakshi alitumwa awafuate. Alifika nusu ya ngazi, akakaa, akaanza kuimba kwa sauti ya puani, ili wajue kwamba hayasikilizi mazungumzo yao.

Juu kulikuwa na nguo zilizoanikwa na joto la kutosha. Maithili hakungoja.

"Umetoka mbali kuja kumtazama mwizi. Mtazame. Lakini kazi siachi, hata baba yangu anipigie magoti. Na usijisumbue kunifikiria, jibu langu ni hapana."

Prasanna aliitikia kwa kichwa, kama aliyelitarajia hilo. "Zile bima za meli zilikuja kwenu baada ya mvua?"

"Baada ya mvua."

"Zilikuwa mezani kwangu."

"Basi nitukane upesi tushuke. Bajia zinapoa."

Hakumtukana. Aligeuka kuitazama ngazi, akasikiliza mpaka akawa na hakika kwamba ni Bibi peke yake aliye pale. Kisha akaweka sawa kola ya shati lake, akasimama wima, mikono nyuma.

"Mama bado anadhani niko likizo," alisema kwa sauti ya chini. "Hicho kitengo chako, mnaajiri?"

Kutoka chini Mama Prasanna aliita, akiuliza kama wamemaliza. Maithili alimtazama kijana yule kuanzia kola hadi viatu.

"Njoo tena Jumatatu asubuhi," alisema. "Si hapa, ofisini. Na safari hiyo usije na mama yako."