Mshumaa wa Binti

Esperance alirudi kutoka kazini, ghalani katika mji wa ughaibuni wa Grand Prairie, akamkuta binti yake amepiga magoti mbele ya mshumaa na bakuli la chumvi.

"Unaroga nani?"

"Siyo uchawi, Mama. Ni Wicca, dini moja kati ya nyingi za kipagani. Tunaheshimu mwezi na majira. Hatumdhuru mtu."

Esperance aliunyakua mshumaa, akazunguka nao chumbani bila kuuzima. Kule kwao Uvira, watu waliomchoma moto mama yake hawakuuliza tofauti ya dini na uchawi. Neno mchawi liliwatosha.

"Umemwambia nani?"

"Rafiki yangu wa kanisani."

Kengele ikalia. Esperance alipofungua mlango, alimkuta mchungaji na akina mama wawili wa maombi. Hakuna aliyetabasamu.

"Mama Esperance, tumesikia habari za mtoto. Na huo mshumaa ni wa nini?"

Nta ya moto ilimchuruzika vidoleni, ikaganda kwenye pete yake ya ndoa. Nyuma yake alisikia binti akivuta pumzi ili ajibu.

"Ni wangu," Esperance alisema. "Mtoto hajui kitu. Mchawi mnayemtafuta ni mimi."