Joka la Mama Yake Nargisi

Siku hizi kitabu kikishatengenezewa filamu ya katuni, maneno yake hugeuka kuifuata filamu, hata katika nakala zilizo majumbani. Bi Mwanakheri aliomba kitabu cha marehemu bintiye kisalimike. Alipokifungua, mjukuu wake Nargisi akiwa amemwegemea, joka kongwe lililomwosha yatima miguu halikuwamo tena. Badala yake kulikuwa na joka la kucheza dansi na kutania watu.

"Mama yako alilipenda mno lile la kwanza," alisema kwa unyonge.

"Basi nisimulie wewe, Bibi. Kitabu tukiache."

Bi Mwanakheri akamkumbatia, akaanza. Joka lilitoka pangoni, likachota maji, likapiga magoti mbele ya yatima, likakata kiuno. Alishtuka. Akarudia polepole kama anayevuka utelezi, na joka likakata kiuno vilevile.

Nargisi akamshika mkono asione haya. "Pamenoga hapo, Bibi. Mama alikuwa akicheka?"

Bi Mwanakheri alitaka kumwambia kuwa mama yake alikuwa akilia. Aliutafuta uso wa bintiye akilini, akauona unacheka.

"Alikuwa akicheka, mjukuu wangu," akasema.