Mtu wa Tano

Miaka hiyo nyumba za bei nafuu kule Mlandizi ziliuzwa kwa familia za watu wanne tu, na mlango wenyewe ndio uliohesabu. Kihiyo, aliyechoka kupanga jijini, alifika na mkewe, watoto wawili na mama yake mzazi.

“Huyu wa tano ni nani?” mlango ukauliza.

Kihiyo akajibu, “Mgeni.”

“Karibu, mgeni. Unaondoka lini?”

Mama alimtazama mwanawe, kisha akajibu kwa upole, “Kesho.”

Mwaka wa pili uliingia, na kila asubuhi mlango ulimuuliza tena, naye akajibu vilevile. Kihiyo alikuwa akijifanya amelala mpaka mama amalize, ndipo atoke kumpa shikamoo, asiweze kumtazama usoni.