Ukurasa Mkavu

"Kumbe mwandiko wako ulikuwa mzuri kuliko uchezaji wako, babu!" katibu wa timu alisema. "Ukurasa huu nitaupiga picha, uingie kwenye kitabu cha historia ya timu."

Ahti alivaa miwani. Daftari lilikuwa lake, la enzi timu ilipocheza magongo juu ya barafu ya ziwa. Kila Jumapili alitoboa barafu kwa keekee, akapima unene, akaandika papo hapo amepiga magoti. Aliandika kwa penseli, maana wino uliganda, na kila ukurasa ulibaki na madoa ya maji.

Huu haukuwa na doa. Sentimita ishirini, Machi 5, 1961: siku golikipa wao alipozama.

"Dada yake anatulaumu mpaka leo, hajakanyaga tena uwanjani," katibu alisema. "Lakini ithibati hii hapa. Barafu ilikuwa nene. Marehemu alijitakia, alivuka mpaka wa uwanja."

Ahti alipitisha kidole juu ya namba. Ilikuwa ya wino, buluu, haijachujuka.

"Weka simu chini, binti," alisema. "Hiyo niliiandika jikoni, nikinywa kahawa; siku ile sikupima. Mwite dada yake kwanza."