Mteremko wa Uwanjani

Kitu cha kwanza Mwatime alichokiona ni breki ya kiti cha magurudumu. Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

"Usiitazame sana," alisema Bi Kidawa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti hicho. "Ikijua inatazamwa, inalegea."

Jumamosi hiyo klabu ya watu wenye ulemavu ilikuwa na mashindano. Kila mwanachama asiyetembea alipewa mwenzake anayetembea, washuke pamoja mteremko wa uwanja hadi getini bila kukanyaga mistari ya chokaa. Jozi ya kwanza ilishuka ikicheka. Mwatime alifuta viganja kwenye kanga kwa mara ya tatu.

"Nimekuchagua mwenyewe," Bi Kidawa alimwambia. "Una mikono ya kazi. Wale wengine wananisukuma kama gunia la mkaa."

"Bi, tafuta mtu mwingine."

"Kwa nini, mwanangu? Wa kuanguka ni mimi, wewe unaogopa nini?"

Mwenye filimbi akainua mkono. Bi Kidawa akainama, akashika fundo la ule mpira ili alifungue. Mwatime alibana vishikio mpaka vidole vikamuuma. Kule chini geti lilikuwa wazi, na barabara ilionekana.

"Nyumbani wanajua kiti cha mdogo wangu kiliteleza," alisema kwa sauti ndogo. "Hakikuteleza. Nilichoka, nikakiachia."

Vidole vya Bi Kidawa vikabaki juu ya fundo.